Muulize Shangazi: Kazi Ndogo za Mikono Zinazojaza Siku

Wapenzi wangu, barua za safari hii zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, mikono. Toleo lililopita niliwauliza ni kitu gani kidogo kinachokupa raha ukiwa nyumbani siku ya kawaida kabisa, siku isiyo na mgeni wala safari, nikadhani mtaniandikia habari za simu na tamthilia, kumbe mmeniandikia sindano, uzi, karatasi, vifungo. Nimefurahi mno. Nimezisoma zote, zingine mara mbili, na hizi ndo zilizoingia kwenye nafasi niliyopewa.

*

"Shikamoo shangazi. Nina watoto wawili, mmoja miaka minne mwingine miezi kumi, nashinda nao nyumbani. Siku yangu ni kufua, kufagia, kulisha, kubembeleza, jioni nikikaa najiuliza leo nimefanya nini sioni kitu maana vyombo vishachafuka tena. Nataka kitu changu cha mikono ila sina hata saa moja nzima ya peke yangu. Nilianza kufuma sweta, yule mkubwa akachomoa sindano safu nzima ikafumuka, nikalia kweli. Nianzie wapi?" (Mama wa wawili)

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo safu. Hukulia bure, mtu anayefuma anajua uchungu wa kuona vitanzi vinadondoka kimoja baada ya kingine na huna mkono wa tatu wa kuvidaka. Ila hapo kosa sio lako wala la mtoto, ulichagua kazi isiyoendana na nyumba yenye watoto wa umri huo. Sweta la sindano mbili lina tabia hii: vitanzi vyote vya safu vinakaa wazi juu ya sindano, vinaweza kuwa mia na kitu, sindano ikitoka vyote viko hatarini kwa mpigo. Krosheti, yani kufuma kwa sindano moja yenye kulabu nchani, haiko hivo. Kwenye krosheti, muda wote kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Ukiitwa unakivuta kiwe kirefu kidogo ama unakitia pini, unaenda zako, ukirudi baada ya dakika tano au baada ya siku tano kazi iko pale pale. Hata mtoto akiuvuta uzi itafumuka mishono michache, unairudisha ukiwa umembeba.

Kwahiyo anza na krosheti, na usianze na kitu kikubwa, anza na miraba. Chukua uzi wa unene wa kati, rangi ya mwangaza (nyeusi na bluu nzito zinaficha mishono, mtu anayejifunza anaishia kutoboa pasipo), sindano ya milimita 4 au 5. Unaanzia katikati unazunguka nje mpaka mraba ufike kama sentimita 15 kila upande, unakata uzi, unaficha mkia, umemaliza. Miraba 36 ukiipanga sita kwa sita inakupa blanketi la mtoto la sentimita 90 kwa 90. Ukipata mraba mmoja kwa siku ni mwezi na siku kadhaa, ukipata mmoja kwa wiki ni miezi minane na kidogo, na hakuna anayekukimbiza. Mi nakupendekezea miraba kwa sababu ya kile ulichosema mwenyewe kuhusu vyombo, maana kazi za nyumbani zinajifuta, ukifagia leo kesho vumbi limerudi kama hukufagia, lakini ule mraba uliomaliza Jumanne utaukuta Jumatano ukiwa mraba, na Alhamisi, na siku utakayouhesabu na wenzake.

Alafu mambo ya mfuko. Tafuta mfuko mmoja wa kitambaa, tia uzi, sindano, mkasi mdogo wenye ncha butu, basi, uning'inize juu ya msumari mahali ambapo wewe unauona kila ukipita na wao hawafiki. Hayo yote mawili ni ya lazima. Kazi iliyofichwa kabatini inasahaulika, na mtoto wa miezi kumi kila kitu ni mdomoni, uzi mrefu nao unaweza kumzunguka shingoni, kwahiyo hata ukiwa na haraka usiuache kwenye kochi.

Na usisubiri nyumba inyamaze, haitanyamaza leo wala mwakani. Dakika zako zipo tayari ndani ya siku ila zimekatika vipande: anaponyonya akasinzia mapajani, maji yanapochemka, yule mkubwa anapocheza na vikombe vya plastiki na hakuhitaji kwa dakika nane. Mwanasaikolojia mmoja, Mihaly Csikszentmihalyi, alitumia miaka mingi kuwahoji wachoraji, wapanda milima, madaktari wa upasuaji, akitaka kujua ile hali mtu anazama kwenye kazi mpaka anasahau muda inatoka wapi, akaona inakuja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtu, ikiwa rahisi sana unaboreka, ikiwa ngumu sana unapaniki. Nakwambia hivi ili miraba yako mitano ya kwanza isikukatishe tamaa. Itakuwa migumu, itakuwa na pembe tatu na nusu. Kuanzia wa sita hivi mikono inaanza kujua yenyewe, na hapo ndo utaona dakika nane zinatosha kukupumzisha kabisa.

*

"Shangazi uzi wangu unajifunga mafundo kila nikishona kwa mkono. Nakaribia kuacha."

Unakata mrefu sana, wote tunafanya hivo tukiogopa kutunga tunga sindano. Kata kutoka ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko, usizidishe. Kila mshono unausokota uzi kidogo, kwahiyo baada ya mishono kadhaa iachie sindano ining'inie izunguke yenyewe mpaka isimame. Na upitishe uzi kwenye kipande cha mshumaa kabla hujaanza, nta inaulainisha na kuutuliza. Usiache.

*

"Dada wa gazeti, salaam. Mimi ni mzee wa miaka 67, nimestaafu, mke wangu ni marehemu mwaka wa pili sasa. Mwezi uliopita kifungo cha shati kilikatika nikakishona mwenyewe kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikajikuta nimekaa nalitazama lile shati kwa furaha. Nataka kujifunza zaidi. Mwanangu wa kiume ananiambia baba hiyo ni kazi ya wanawake. Pia kifungo chenyewe kimekatika tena, na kutunga sindano kunanishinda macho." (Mzee wa shati)

Shikamoo baba. Pole sana kwa mama. Barua yako nimeisomea wenzangu hapa ofisini na tumekaa kimya kidogo.

Mwambie kijana kwamba mabaharia wa meli za matanga walishona matanga yao wenyewe katikati ya bahari, tanga likichanika hakuna wa kukushonea. Mwambie vyama vya mafundi wafumaji wa Ulaya ya zamani vilikuwa vya wanaume, na mashine ya kwanza ya kufuma soksi iliundwa na mwanamume, William Lee wa Uingereza, mwaka 1589. Na daktari wa upasuaji anashona kila siku ya kazi yake. Ila baba, hata kama hayo yote yasingekuwepo, wewe ulikaa ukalitazama shati kwa furaha na hilo linatosha kabisa.

Sasa macho. Keti karibu na dirisha, mwanga uje kutoka upande wa pili wa mkono unaoshonea, kama ni wa kulia basi mwanga uje kushoto, vinginevyo mkono wako mwenyewe unakutilia kivuli. Kata ncha ya uzi kwa mshazari na mkasi mkali. Weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano. Alafu hapa watu wengi hawapajui: ubane uzi katikati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ibaki ncha ndogo sana inayochungulia, uilete sindano kwenye uzi, usipeleke uzi kwenye sindano. Ukishindwa upande mmoja igeuze, tundu mara nyingi upande mmoja liko safi kuliko mwingine. Pia kuna kile kidude kidogo cha bati chenye waya mwembamba wa kutungia, ukikipata kitakuondolea tabu yote.

Kifungo kilikatika tena kwa sababu ulikibana sana na shati, na hilo linatokana na nia njema, mtu anadhani akikaza ndo kitadumu. Kifungo kinahitaji shingo. Ukikifunga, kitambaa chenye tundu lazima kipate mahali pa kukaa chini ya kifungo, kikikosa nafasi kinasukuma uzi kila siku mpaka unalika. Fanya hivi: uzi mara mbili, laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, katikati ya matundu, shona ukipita juu ya njiti mara nne kila jozi ya matundu. Toa njiti, kivute kifungo juu, utaona kimepata nafasi chini yake. Toa sindano katikati ya kifungo na shati, zungusha uzi kwenye ile shingo mara tano, peleka sindano chini ya kitambaa, piga fundo. Hicho hakitakatika leo wala kesho. Baada ya hapo jifunze kupiga bandi na kupandisha pindo la suruali, alafu uniandikie tena, tafadhali usiache kuniandikia.

*

"Shangazi nimefuma sweta miezi mitatu kwa kufuata patani (maelekezo ya kufuma) neno kwa neno na limenikaa kama gunia. Patani ilisema mishono 22 kwa sentimita 10, sikuelewa maana yake nikairuka. Nifanyeje?"

Pale uliporuka ndo palikuwa na jibu lote, na usijilaumu, patani nyingi zinaandika hicho kitu kwa maandishi madogo kama vile hakina maana. Kila mkono una mkazo wake, kuna anayevuta uzi sana na kuna anayeulegeza, mtu mmoja hata anabadilika kati ya siku ya hasira na siku ya utulivu. Patani inakwambia mkono wa aliyeiandika ulitoa mishono 22 ndani ya sentimita 10. Tuseme wako unatoa 20. Tofauti mishono miwili unaona ndogo eh, haya piga hesabu: sweta lenye mishono 220 kuzunguka kifua, kwake ni sentimita 100, kwako ni 110. Sentimita kumi zote zimetoka kwenye mishono miwili.

Kwahiyo kabla ya sweta unafuma kipande cha majaribio, kikubwa kidogo kuliko sentimita 10 kwa 10, unakifua kama utakavyolifua sweta, kikikauka ndo unahesabu katikati, sio pembeni. Mishono ikiwa pungufu unashuka sindano nusu milimita, ikizidi unapanda, unajaribu tena. Najua inachosha wakati hamu ya kuanza imekujaa. Mi nimejifunza kukipenda hicho kipande chenyewe, unakaa nacho jioni moja unaujua uzi, unajua unateleza ama unakwama, unajua rangi ikoje kwenye taa.

Hilo sweta, kama uzi umeupenda, lifumue. Ndio, lote. Utashangaa kufumua nako kuna raha yake, ule mlio wa tr-tr-tr safu zikitoka. Uzi utatoka umejikunja kama tambi za pakiti, usiufume hivo hivo utapata mishono isiyolingana. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe duara kubwa, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine usije kuvurugika, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, ukamue taratibu bila kusokota, uning'inize ukauke. Unanyooka.

Na kama ni sufu halisi, angalia maji ya moto. Unyoya wa kondoo ukiuangalia kwa darubini una magamba madogo, joto, sabuni na kusugua vinayafanya yashikane, nguo inasinyaa inakuwa nene kama zulia na hairudi tena. Fua kwa maji ya baridi, usisugue, ibingirishe ndani ya taulo kutoa maji, ikaushe ikiwa imelala. Ukiongeza uzi siku nyingine tazama namba ya bechi (nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja) kwenye lebo, rangi ileile ya bechi tofauti inaweza kukuachia mstari kifuani unaoonekana mchana.

*

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 24, natarizi vitambaa, maua na majina. Nilikuwa natarizi usiku nikirudi kazini, raha yangu ilikuwa hiyo. Kila aliyeona alisema fungua biashara, nikafungua, nikachukua oda kumi na mbili. Sasa nikiiona sindano nasikia uzito kifuani. Wateja wananibishia bei mpaka naumia. Je nimekuwa mvivu?"

Marahaba mwanangu, hapana, sio uvivu hata kidogo. Kuna jaribio moja maarufu la mwaka 1973, Marekani, watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wadogo wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora wenyewe bila kuambiwa. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora. Kundi la pili walipewa cheti bila kuambiwa mapema. La tatu hawakupewa kitu. Baada ya siku kadhaa kalamu zikawekwa tena mezani, kila mtoto achague mwenyewe cha kucheza. Wale walioahidiwa walichora kwa muda unaokaribia nusu ya wenzao. Waliopewa ghafla hawakupungua. Yani kilichowapunguza ni kuchora huku wakijua wanachora ili wapate kitu. Wewe ulikuwa unatarizi ili utarizi, sasa unatarizi ili ukabidhi.

Sisemi kuuza ni vibaya, sitaki mtu anisome hivo. Kule Ayalandi wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1840 wanawake walifuma lesi za krosheti wakauza, familia zikapita kwenye ule wakati kwa sababu ya kulabu na uzi. Kama unahitaji hiyo hela ya ziada basi ni kazi, ipe saa za kazi na bei ya kazi na uipumzike kama kazi. Ila kwenye barua yako sijaona popote uliposema unaihitaji, nimeona waliosema watu.

Na hiyo ya bei inauma kwa sababu nyingine. Mwaka 2012 Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walikunja maumbo ya karatasi, ya kawaida tu ya mtu anayejifunza, alafu wakaulizwa wangetoa kiasi gani kubaki nayo. Waliokunja walitaja kiasi kikubwa kuliko walichotaja watu wengine kwa maumbo hayohayo, karibu na thamani waliyopewa maumbo ya mafundi. Kwahiyo mteja akitaja bei ndogo hakutukani, yeye anaona kitambaa, wewe unaona zile usiku tatu na ule uzi wa kijani ulioutoa ukaurudia mara nne. Kujua hivo kumenisaidia hata kwenye zawadi, nikimpa mtu kitu nilichoshona mwenyewe simsubirii uso wake.

Maliza oda ulizopokea, umeshaahidi. Usichukue nyingine kwa miezi mitatu. Na usiku wa leo, kabla hata hujamaliza hizo oda, kata kitambaa kimoja kidogo ambacho hakina mwenyewe, hakina jina, hakina tarehe, uanze ua lolote ukianzia katikati. Watu wakikuuliza unauza shilingi ngapi waambie hicho hakiuzwi. Utakosea mara mbili tatu kusema hivo kwa ujasiri, alafu utazoea.

*

"Shangazi mi sio mtu wa sindano kabisa, nimejaribu. Kuna raha nyingine?"

Zipo. Kata tawi la mmea unaotambaa chini kidogo ya kifundo kinachotoka jani, litie kwenye glasi ya maji dirishani, badilisha maji kila baada ya siku chache, uangalie mizizi inavyotoka. Ama kausha majani na maua ndani ya kitabu kizito, yaweke katikati ya karatasi mbili zinazonyonya maji, zibadilishe siku za mwanzoni yasiote ukungu, baada ya wiki mbili hadi nne yanakuwa membamba kama karatasi. Chagua maua bapa, yenye kichwa kinene yanaoza. Ama mwaga kopo la vifungo mezani uvipange kwa rangi. Nasema kweli, jaribu siku moja ukiwa umechoka.

*

"Mambo shangazi, shikamoo. Nina miaka 16, niko likizo, nimechoka simu, nikiiweka chini sijui mikono niipeleke wapi. Sina hela ya kununua vifaa. Nipe kitu kimoja."

Marahaba. Nakupa daftari, ulilotengeneza mwenyewe, la kuandikia unachotaka bila mtu kukusahihisha. Unahitaji karatasi nne za A4, hata zilizoandikwa upande mmoja, karatasi moja ngumu ya jalada, sindano na uzi.

Kunja kila karatasi katikati, upana kwa upana, uziingize moja ndani ya nyingine, umepata kurasa 16. Kabla hujakunja jalada, likunje kidogo bila kulibana kwanza wima kisha ulalo, utasikia upande mmoja linakubali na mwingine linakataa. Karatasi za kiwandani nyuzi zake nyingi zinalala mwelekeo mmoja, ukikunja kufuata nyuzi mkunjo unakuwa safi, ukizikata unapata mpasuko wenye manyoya. Mtu akishaujua huo ukinzani mdogo vidoleni hawezi kukunja karatasi tena kama zamani.

Kunja jalada, zitie zile kurasa ndani yake, alafu toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati kabisa, mengine mawili juu na chini, yote kwa umbali sawa. Ingiza sindano tundu la kati ukitokea ndani kwenda nje, acha mkia wa uzi kama kidole kirefu. Nje panda tundu la juu, rudi ndani. Ndani ruka lile la kati nenda moja kwa moja mpaka tundu la chini, toka nje. Nje rudi kwenye tundu la kati, ingia ndani. Sasa una ncha mbili ndani, hakikisha moja iko kushoto na nyingine kulia ya ule uzi mrefu uliopita katikati, zifunge fundo mbili juu yake. Vuta kwa kufuata mkunjo, usivute kwa kuinua juu, utachana karatasi. Dakika ishirini, labda arobaini mara ya kwanza. La pili utataka kulipamba, la tatu utamtengenezea mtu.

Na simu iache chumba kingine ukiwa unafanya, usiiweke mezani kifudifudi, haitoshi.

*

"Shangazi, mama yetu alifariki miezi mitano iliyopita. Aliacha blanketi la krosheti, limebaki kama theluthi kuisha. Sindano yake bado iko ndani ya kitanzi cha mwisho vile vile alivyoiacha, liko kwenye kikapu chake, nalipita kila siku. Najua krosheti kidogo alinifundisha yeye. Nataka kulimalizia lakini naogopa kuligusa nitaliharibu." (Binti yake)

Pole mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu nilihitaji muda nayo.

Hutaliharibu. Krosheti inafumuka pale unapovuta tu, na mshono wowote utakaoweka ukiukataa utauvuta utoke, mishono ya mama itabaki vile vile. Uzi nao sio kitu cha kuvunjika, kuna soksi za pamba zilizofumwa Misri miaka kama 900 hivi iliyopita na bado zipo kwenye makumbusho, kisigino kinaonekana.

Kwanza lipige picha likiwa kwenye kikapu, kama lilivyo. Alafu chukua uzi wa rangi tofauti, upitishe kwa sindano ya kushonea kwenye mishono ya safu yake ya mwisho, uuache humo, huo ni alama yako, siku zote utajua mkono wake uliishia wapi. Kitanzi kitie pini ndo utoe sindano. Hiyo sindano utaitumia, na bahati nzuri inakuondolea swali la saizi.

Chukua uzi mwingine kabisa ufume kipande cha pembeni kwa sindano yake, mshono uleule. Kama hujui ni mshono gani tazama urefu wake na uhesabu mara ngapi uzi umezunguka kwenye nguzo ya mshono mmoja, au mpelekee mfumaji yeyote mzoefu atakwambia kwa kuangalia. Hesabu mishono yako kwenye sentimita 10, hesabu na ya mama. Yako ikiwa imelegea zaidi jizoeze kuukaza uzi kwenye kidole cha shahada, siku mbili tatu za dakika ishirini zitakusogeza. Ikibaki tofauti kidogo iache. Utaona hata yeye safu zake hazilingani zote, kuna mahali alikaza na mahali alilegeza, pitisha kidole utazikuta.

Uzi wa rangi yake usihangaike kuulinganisha, bechi ni nyingine na macho yatauona ule mkaribiano kuliko tofauti kamili. Chagua rangi ya kwako iliyo wazi, ambayo mama angeipenda ama ambayo angekubishia. Siku utakayoanza kaa pale alipokuwa anakaa kama panakalika. Toa pini, tia sindano kwenye kile kitanzi, shika uzi wako mpya kwa kulabu uupitishe katikati yake. Usikivute kikaze sana. Alafu geuza kazi, uanze safu.